Mlimani bila uhakika wa ada, au chuo nisichokijua kwa ufadhili?

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, mikono bado inanuka mabibo. Tumeokota korosho tangu asubuhi na kesho ni hivyohivyo. Nisamehe barua ikiwa ndefu. Kila ninayemwomba ushauri hapa nyumbani ameshachagua upande, nami nataka mtu ambaye hajachagua.

Mimi ni binti wa miaka 19, wa Newala. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikapata Daraja la Kwanza. Tangu darasa la sita nasema nitakuwa wakili. Mwaka ule mama yangu mkubwa alifiwa na mumewe, na shemeji zake wakachukua shamba la mikorosho aliyoipalilia kwa miaka mingi. Akawa anatembea kwenda baraza la ardhi na bahasha ya karatasi asizoweza kuzisoma. Siku moja aliniomba nimsomee. Niliyasoma maneno yote na sikuelewa hata sentensi moja. Shamba halikurudi. Nadhani niliamua pale pale, na bahasha mkononi.

Sasa nimechaguliwa sheria vyuo viwili. Cha kwanza ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cha pili ni chuo binafsi kilicho mbali sana na kwetu, siku mbili kwa basi, ambacho hapa mtaani hakuna anayekijua. Kule wameniandikia barua kwamba kwa matokeo yangu watanilipia ada yote, mwaka hadi mwaka, ilimradi nisishuke chini ya GPA (wastani wa alama) ya 3.8. Ada tu. Chumba na chakula ni juu yangu.

Mkopo nimeomba, lakini Bodi ya Mikopo bado haijatoa majina, na dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa Jumapili ya wiki ijayo. Yaani nichague kwanza, ndipo nijue kama Mlimani nitalipiwa ada yote, nusu, au nitaachwa kabisa. Rafiki yangu wa mwaka jana alipata bumu, yaani fedha ya kujikimu, lakini ada akapewa sehemu tu, na hadi leo kila muhula nyumbani kwao kuna kilio.

Mjomba wangu anaishi Mbagala. Yeye ndiye mkubwa wetu kwa upande wa mama, na kwetu mjomba akishasema, mambo huwa yamekwisha. Amepiga simu mara tatu. Anasema katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga Mlimani akiwa mwanafunzi, kwamba nitakaa kwake bure, na ikibidi atauza pikipiki yake. Mara ya tatu alisema, "Ukiikataa Mlimani, umetukataa sisi." Mwalimu wangu wa historia naye aliniuliza, ukitoka na cheti cha huko porini utaajiriwa na nani?

Baba hasemi mengi. Lakini juzi nilimsikia akiongea nyuma ya nyumba na yule mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya mnada. Baba anataka kuchukua shilingi 600,000 sasa hivi ili atoe kilo 400 msimu ukifunguka. Anasema fedha za mnada zitachelewa na mimi natakiwa kuripoti chuo. Wadogo zangu wawili bado wanasoma, na korosho hizo ndizo zao pia.

Na mimi mwenyewe, Shangazi, naitaka Mlimani. Nimeiota. Naogopa nikienda kule kwingine, kila nitakapotaja chuo changu mtu atauliza, "Ndiyo wapi huko?" Halafu naona aibu kwamba nawaza hivyo wakati baba anauza korosho zikiwa juu ya mti. Nifanye nini?

Binti wa Mkorosho, Newala

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeipandisha juu ya zote kwa sababu ya hiyo Jumapili. Mimi ni wakili, nimezaliwa Lindi na kesi zangu nyingi ziko Mtwara, kwa hiyo bahasha ya mama yako mkubwa naijua. Huja ofisini kwangu kila mwezi, mikononi mwa mama mwingine.

Usione aibu kuitaka Mlimani. Sheria ndiyo iliyokuwa kitivo cha kwanza cha chuo kile, kilipoanzia mtaa wa Lumumba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Joseph Warioba, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alisomea sheria pale. Julie Manning, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa mawaziri nchi hii mwaka 1975, na wizara yake ikiwa ya Sheria, alisomea pale. Willy Mutunga alichukua shahada yake pale kabla hajawa Jaji Mkuu wa Kenya. Profesa Issa Shivji alifundisha sheria pale miaka zaidi ya 30. Mtoto wa Newala akitaka kukaa kwenye madawati hayo, hiyo ni njaa ya elimu na mjomba wako ana haki ya kujivunia. Maktaba ile, walimu wale, na wenzako darasani ambao baada ya miaka 20 watakuwa majaji na makatibu wakuu, ni vitu vyenye thamani. Nikikwambia jina ni upepo tu nitakuwa nimekudanganya.

Lakini hebu tuone jina hilo linafungua mlango upi na linaachia upi.

Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Ukimaliza chuo chochote, Mlimani au huko mwalimu wako anakokuita porini, unakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), pale barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Imekuwapo kwa sheria ya mwaka 2007, na haiangalii ulikotoka. Mnakaa darasa moja, mnafanya mtihani mmoja, mnakwenda mafunzo kazini kwenye mahakama na ofisi za mawakili. Ukifaulu ndipo unaomba kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya shule hiyo yaliyotikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Watu wale 633 walikuwa wametoka vyuo vya kila aina, vikubwa na vidogo, na jina la chuo halikumwokoa mtu mlangoni.

Ukishavuka hapo, tazama matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira na ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wanaandika shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, na uwe umehitimu Shule ya Sheria. Halafu unaitwa kwenye usaili wa kuandika pamoja na maelfu. Mwalimu wako wa historia anakupenda, lakini kwa kazi za serikali swali lake limeshajibiwa kwenye tangazo lenyewe. Jina linasikika zaidi kwenye zile ofisi kubwa za uwakili za Dar es Salaam zenye wateja wa migodi, mabenki na gesi. Linasaidia pia ukiomba kusoma nje. Kama ndoto yako iko huko, uzito wa Mlimani unaongezeka na hesabu yangu inabadilika. Lakini wewe umeniandikia habari za mama mkubwa na baraza la ardhi. Kule Mtwara nina wenzangu ninaokutana nao kortini kila wiki kwa miaka mingi, na wengi wao sijui walisoma chuo gani. Ninachojua ni nani huja amesoma jalada na nani huja kuomba ahirisho.

Sasa tuje kwenye barua ya ufadhili, maana hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Wote nyumbani mnabishana juu ya jina la chuo, na sioni aliyekaa akaisoma barua ile kama mwanasheria. Isome wewe, iwe kazi yako ya kwanza ya kisheria.

GPA ya 3.8 kwa mizani yetu ya 5.0 iko ndani ya daraja la pili la juu, ambalo linaanzia 3.5. Yaani mwanafunzi anaweza kuwa na matokeo ambayo kila mwajiri angeyapokea kwa mikono miwili, tuseme 3.6, na bado akapoteza ada yake. Na mwaka wa kwanza wa sheria ni mgumu kwa aliyetoka shule zetu. Mahakama zimekwishafunguliwa kwa Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, lakini vitabu vya chuo, kesi unazosoma na mitihani yako ni Kiingereza, tena Kiingereza cha majaji. Wengi huanza na alama za chini kisha hupanda wakishaizoea lugha. Sharti linalokupima mwisho wa mwaka wa kwanza linakupima ukiwa chini kuliko utakavyokuwa tena.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani, ambako mtu husomea sheria miaka mitatu baada ya kuwa na shahada nyingine, vyuo vingi viliwavuta vijana kwa ufadhili wenye sharti la alama, huku alama zenyewe zikigawanywa kwa vipimo vinavyolazimisha baadhi ya wanafunzi wabaki chini hata kama darasa zima limesoma. Watu wakajikuta mwaka wa pili wanadaiwa ada kamili ya chuo ambacho wasingekichagua kama si ule ufadhili. Ikafika mahali American Bar Association, chombo kinachoidhinisha vyuo vya sheria kule, kikavilazimisha vyuo kutangaza kila mwaka ni wanafunzi wangapi wamepunguziwa au kunyang'anywa fedha hizo. Hapa kwetu inabidi uulize mwenyewe.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, piga simu ofisi ya udahili ya chuo kile, halafu waandikie barua pepe yenye maswali yaleyale ili wakujibu kwa maandishi. Hiyo GPA ni ya kila mwaka peke yake au ya jumla tangu uanze? Kama ni ya jumla, mwaka mbaya mmoja unaweza kufidiwa na mzuri. Ukishuka, ufadhili umekufa moja kwa moja au unarudi ukipanda? Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, somo moja, inahesabiwaje? Ukiugua ukaahirisha muhula, je? Ada ikipanda mwaka wa tatu, wanalipa ile mpya au ile ya leo? Na fedha zinatoka wapi, chuo chenyewe au mfadhili anayeweza kuchoka? Kisha swali ambalo watu huona haya kuuliza: wanafunzi wa sheria waliopewa ufadhili huu miaka iliyopita, wangapi bado wanao? Chuo chenye nia njema hakitakasirika kuulizwa. Wakati huohuo hakikisha kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu kwamba shahada yao ya sheria ina ithibati, na watafute wahitimu wao wawili watatu uwaulize walivyofika Shule ya Sheria.

Waombe pia chumba. Waambie umechaguliwa Mlimani, unawapenda wao, na kinachokukwamisha ni malazi. Si utovu wa adabu. Wanakutaka kwa sababu ya Daraja lako la Kwanza, na binti anayeomba kwa heshima aghalabu hapewi adhabu. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Kuhusu Bodi, usijenge nyumba kwenye fikra kwamba utachukua ufadhili wa ada upande huu na bumu upande ule. Waeleze Bodi ukweli wa ufadhili wako na uwaulize kabla ya kuthibitisha. Usifiche. Mwanasheria anayeanza safari kwa fomu ya uongo ameanza vibaya, na fomu hizo haziozi.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Lindi. Nilikwenda chuo chenye jina, sitakitaja, na mkopo niliopewa haukufika mwisho wa ada. Mwaka wa pili nilibakiza shilingi 280,000. Baba alikuwa amesema bahari ikitulia atatuma. Bahari haikutulia. Siku ya mtihani nilikuta jina langu halimo kwenye orodha ya mlangoni, nikarudi bwenini na kalamu zangu mfukoni, nikaifanya mitihani ile miezi kadhaa baadaye, peke yangu, wakati wenzangu wako likizo. Nilifaulu. Lakini ukiniuliza leo ninachokumbuka mwaka ule, mihadhara imefutika. Ninachokumbuka ni foleni ya dirisha la mhasibu, na sauti ya baba kwenye simu akijaribu kuonekana hana wasiwasi. Maktaba kubwa ilikuwa mita 200 kutoka nilipolala, na sikuitumia hata nusu ya nilivyoweza, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye deni.

Ndiyo maana nakwambia hivi. Chuo kile kikikujibu kwa maandishi, na majibu yakawa ya kuvumilika, yaani GPA ya jumla, au nafasi ya kurudishiwa, au hata kupunguziwa badala ya kufutiwa kabisa, nenda kwenye ufadhili. Nenda bila kugeuka nyuma. Wakikwambia ni 3.8 kila mwaka, ukishuka mara moja umetoka, na hawatoi maandishi yoyote zaidi ya barua waliyokutumia, basi thibitisha Mlimani. Sababu ni hii: ada za vyuo binafsi mara nyingi huzidi za umma. Ukianguka kutoka kwenye ufadhili ule, utaangukia kwenye ada nzito ya chuo ambacho hata hilo jina unalolitamani hakina, siku mbili kutoka kwenu. Ukienda Mlimani, hata Bodi ikikupa sehemu tu, pengo lako linakuwa la kiasi cha kuhangaikia, na kuna nafasi ya kukata rufaa kwa Bodi ukiwa na vielelezo vya hali ya nyumbani. Vielelezo hivyo anza kuvikusanya sasa. Barua ya serikali ya kijiji haiandikwi kwa siku moja.

Mtu atakuambia pia kuhusu Chuo Kikuu Huria, kwamba kina kituo Mtwara na unaweza kusoma sheria ukiwa nyumbani. Ni njia halali, na nawajua mawakili wazuri waliopita huko wakiwa kazini. Kwa binti wa miaka 19 nyumba yenye shamba na wadogo wawili, najua nani atakayeitwa kuokota korosho wakati wa kusoma. Nimeliweka pembeni.

Na mkopo wenyewe uuelewe kabla hujaushangilia. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu ni shilingi 10,000 kwa siku, na kwa maisha ya Dar es Salaam unajua zinavyokwenda. Ukiajiriwa, Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Wakili mpya aliyejiajiri hapa kusini, miaka miwili ya kwanza anaandika viapo na mikataba ya viwanja, na kuna miezi ambayo hata pango la ofisi ni taabu. Leseni yako ya uwakili nayo huhuishwa kila mwaka kwa fedha. Mkopo si dhambi, mimi nimelipa wangu hadi senti ya mwisho. Lakini anayetoka chuo bila deni anaweza kumwambia mama mwenye bahasha, "Kaa, tutazungumza malipo baadaye." Mwenye deni hushindwa kusema hivyo hata akitaka. Kwa kazi uliyoniambia unaitaka, hilo ni kubwa kuliko chuo.

Mjomba sasa. Usimjibu kwa simu. Mwombe mama akae kando yako, mpigieni pamoja, na uanze kwa kumshukuru, maana mtu aliye tayari kuuza pikipiki inayomlisha ili mpwa wake asome si mtu wa kubishana naye. Kisha mweleze kitu ambacho sidhani kama mtu amewahi kumwambia: Dar es Salaam hujaikimbia. Shule ya Sheria iko huko, na kila anayetaka uwakili lazima aipitie. Utamaliza shahada yako, halafu utakuja Mbagala na begi lako ukae kwake huo mwaka mmoja. Mwaka huo ndio huwavunja wengi. Kuna ada yake, kuna nauli za kila siku na suti nyeusi ya kortini, na hakuna kipato. Siku hizi Bodi ina mkopo wa masomo hayo pia, lakini usiufanye ndiyo tegemeo. Mwambie pikipiki hiyo aitunze hadi wakati huo. Mwombe kabisa: "Mjomba, nitakuhitaji wakati ule kuliko sasa." Utakuwa umempa nafasi yake katika jambo hili, tena kubwa kuliko ile aliyojichagulia, na bado utakuwa karibu na Mlimani kila asubuhi ukienda darasani.

Kuna la kukaa kwake sasa pia, na hili nakwambia kama mwanamke. Kutoka Mbagala hadi Mlimani kwenda na kurudi ni saa nyingi za daladala kila siku. Sheria husomwa maktaba ikiwa kimya, jioni hadi usiku. Binti anayekaa kwa ndugu haachi vyombo vichafu akasema yuko maktaba, hata kama hakuna aliyemlazimisha kuviosha. Mwaka mmoja wa namna hiyo unavumilika. Shahada nzima inachosha, na ikiwa utachagua Mlimani, pigania chumba cha bweni kwa nguvu zote hata kama mjomba atanuna kidogo.

Ukienda kwenye kile chuo kingine, kile ambacho jina lingekupa itabidi ukitafute kwa mikono yako. Jiunge na mashindano ya mahakama ya kuigiza tangu mwaka wa kwanza, ndiko utakutana na vijana wa vyuo vikubwa na kupimana nao. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimewekwa bure mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII. Soma moja kila siku, hata ya kurasa nne, na utafika Shule ya Sheria umeona vitu ambavyo waliotoka kwenye maktaba kubwa hawakujishughulisha kuvifungua. Likizo njoo Mtwara, kaa Mahakama Kuu kanda hii, kwenye viti vya nyuma, usikilize. Mlango uko wazi kwa mtu yeyote. Na huyo atakayekuuliza "ndiyo wapi huko?", mwambie jina la mji, uendelee na maongezi. Swali hilo litakuuma muhula wa kwanza. Wa pili utakuwa na mitihani ya kuwaza.

Limebaki la baba, na hili halisubiri Jumapili. Kilo 400 kwa shilingi 600,000 ni shilingi 1,500 kwa kilo. Mnada wa kwanza wa msimu wa 2024, kilo ilipita shilingi 4,000. Sisemi mwaka huu itafika hapo, bei ya korosho haina rafiki na baba yako analijua hilo kuliko mimi. Lakini yule mtu wa nyuma ya nyumba anajua hesabu, ndiyo maana amekuja sasa na si Novemba. Kangomba pia ni marufuku, na ikigundulika anayeumia si mwenye gari. Fedha za kuripoti zitafutwe kwingine: nauli na godoro vinaweza kuchangwa na ndugu, na ofisi ya chuo unaweza kuiomba kwa barua ikuvumilie michango mingine hadi malipo ya mnada yaingie benki. Waambie wazi kwamba nyumbani mnaishi kwa korosho na malipo huja baada ya mnada wa Oktoba. Chuo chochote kinachopokea watoto wa wakulima kimewahi kupokea barua kama hiyo.

Kaa na baba jioni hii, wewe na yeye tu. Mwambie ulimsikia. Na kama ameshazipokea zile 600,000, azirudishe zikiwa nzima, mbele ya shahidi, kabla gunia la kwanza halijatoka ghalani.

Shangazi yako, Lindi